Nintendo 3DS yenye Luma inadai apdeti ya Nintendo: niikubali au niikatae?

kijana_wa_Pasiansi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na hizi mashine.

Mjomba wangu anafanya kazi Muscat. Alipokuja likizo aliniletea New 3DS XL aliyoinunua kwa mtu kule, vioo vyote viwili viko safi, bawaba haijalegea. Aliyekuwa nayo mwanzo alishaiweka Luma3DS, ile programu ya mafundi wa kujitegemea inayorekebisha mfumo wa Nintendo. Nikiiwasha huku nimeshikilia SELECT kinatokea kimenyu kimeandikwa juu Luma3DS v10.2.1. Nikiingia System Settings, kwenye kona ya chini inaandika Sys. 11.14.0-46E.

Sasa tatizo. Nikiwasha wifi na kugusa alama ya eShop, duka la mtandaoni la Nintendo, inaniambia lazima niapdeti mfumo kwanza. Rafiki yangu mmoja anasema nikikubali tu, Luma inafutika na mashine inakufa palepale. Mwingine anasema nisipoapdeti, programu mpya za mafundi zitaanza kugoma moja baada ya nyingine. Mimi nimebaki katikati, nabonyeza "baadaye" kila siku.

Ninachotumia zaidi ni Checkpoint, ile ya kutunza sevu za gemu, maana kaseti zangu ni za mtumba na sitaki kupoteza nilipofika. Pia nimesikia kuna kitu kinaitwa Pretendo cha kucheza na watu mtandaoni baada ya Nintendo kuzima seva zao. Gemu ninazo kwenye kaseti, sihitaji za kushusha.

Je, kuna uwezekano wa kuwa na vyote viwili, fimwea mpya ya Nintendo (yaani mfumo wa mashine) na Luma? Na kama upo, kinaanza kipi?

Nawasilisha.

Boss_wa_Kibanda

Mdogo wangu, jibu ni fupi: usiapdeti. Nina kibanda cha gemu hapa Mbagala na PlayStation 3 (PS3) zote zina HEN, programu ya mafundi kama hiyo Luma yako. Sheria ya kwanza ninayompa kijana yeyote anayenisaidia kazi ni kwamba PS3 ikiuliza kuhusu apdeti, bonyeza duara, toka. Waya wa intaneti sichomeki kabisa. Kampuni inapotoa toleo jipya hailitoi kwa faida yako, inalitoa kuziba pale mafundi walipopitia. Ukikubali umewafungulia mlango mwenyewe.

Kama wewe ni mdogo pengine hukumbuki, lakini Aprili 1, 2010 Sony walitoa fimwea 3.21 ya PS3 na kazi yake kubwa ilikuwa kuondoa kitu ambacho watu walikuwa wamekinunua pamoja na mashine. PS3 za mwanzo zilikuja na OtherOS, unaweka Linux, mashine inakuwa kompyuta. Jeshi la anga la Marekani liliunganisha PS3 1,760 likatengeneza kompyuta moja kubwa kule Rome, jimbo la New York, wakaiita Condor Cluster. Kisha apdeti moja ikaja: ukiikubali, Linux kwaheri, ukiikataa, huingii tena mtandao wa PlayStation. Watu walilipia kitu, kikaondolewa wakiwa wamekishika mikononi.

Kwa hiyo mimi nikiona neno apdeti naona mkono unaingia mfukoni mwangu. Kaa na hiyo 11.14 yako, cheza kaseti zako, funga wifi.

dada_solda

Kijana wa Pasiansi, karibu. Kwanza acha kubonyeza chochote, na usome hadi mwisho kabla hujagusa memori kadi. Natengeneza simu na mashine za gemu Tanga, na 3DS ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Boss, shikamoo. Unachofanya kwenye PS3 zako ni sahihi kabisa na hiyo historia ya 3.21 ni ya kweli. Ila ushauri wa PS3 ukihamishiwa kwenye 3DS unampotosha huyu kijana, na sababu yake inaonekana ukijiuliza swali moja: mwanya, yaani kasoro wanayopitia mafundi, uko wapi?

HEN inapita kwenye mwanya ulio ndani ya programu za Sony zenyewe. Ndiyo maana kila ukizima na kuwasha PS3 lazima uiamshe HEN upya. Mwanya wa programu unazibika kwa programu, kwa hiyo kila apdeti ya Sony ni tishio la kweli kwako mpaka mafundi waseme wameshaipima.

Kwenye 3DS mwanya uko chini zaidi. Mashine ikipata umeme, prosesa yake ya ARM9 inaanza kwa kusoma romu ndogo iliyochongwa ndani ya chipu kiwandani. Kazi ya hiyo romu ni kukagua sahihi ya fimwea: hii ni ya Nintendo kweli, au ni ya mtu mwingine? Sasa kwenye ukaguzi wenyewe kuna kasoro ya namna inavyousoma muundo wa sahihi ya RSA. Ukiitengeneza sahihi ya bandia kwa umbo fulani, romu inaipitisha kana kwamba ni halali. Watafiti walilieleza jambo hili hadharani Desemba 2016 kwenye mkutano wa 33C3, Hamburg. Mei 2017 ikatoka boot9strap, programu ndogo inayotumia kasoro hiyo, ambayo ndiyo imekaa kwenye mashine yako. Hiyo romu haiandikiki upya. Nintendo wenyewe hawawezi kuibadilisha kwenye mashine ambayo imeshatoka kiwandani, hata watoe apdeti mia. Nyumba ambayo msingi wake umeshamwagwa unaweza kuipaka rangi kila mwaka, msingi utabaki ulivyo.

Jambo la pili ambalo watu wengi hawajaambiwa: Luma haikuiondoa fimwea ya Nintendo. Wengi wanafikiri mashine ina moja kati ya mbili, ya Nintendo au ya mafundi. Wewe unazo zote mbili sasa hivi ninapoandika. Ukiwasha, romu inaipitisha boot9strap. Boot9strap inatafuta faili linaloitwa boot.firm kwenye memori kadi, na hilo ndilo Luma. Luma inaichukua fimwea ya Nintendo kutoka hifadhi ya ndani, inairekebisha ikiwa kwenye kumbukumbu ya muda, kisha inaiachia iendelee kuwaka. Menyu unayoiona, kamera, Mii, vyote ni vya Nintendo. Hiyo "Sys." uliyoiona kwenye kona ni Luma imebadilisha, mashine isiyoguswa inaandika "Ver." pale. Na herufi E ya mwisho inakuambia mashine ni ya Ulaya. Ingekuwa U ni ya Marekani, J ni ya Japani.

Kwa hiyo apdeti ya Nintendo ikija, inaiandika upya ile fimwea ya ndani, na Luma inabaki kazini. Hata ile sehemu ya hifadhi inapokaa boot9strap, Luma inailinda kwa kuuzuia mfumo usiiandike. Hilo liliwekwa makusudi, kwa kujua watu wataapdeti.

Hatari iliyopo ni nyingine. Luma inaporekebisha fimwea inatafuta vipande fulani vya kodi ili ivibadilishe. Ukiipa Luma ya zamani fimwea mpya ambayo haijawahi kuiona, inaweza isivipate hivyo vipande, na mashine ikagoma kuwaka. Mwenye nayo anapiga kelele imekufa, anampelekea fundi, fundi asiyejua anafungua bodi. Kumbe dawa ni kuchomoa memori kadi, kuweka boot.firm mpya, na kurudisha. Nimeona watu wakitozwa hela nyingi kwa kazi hiyo ya kunakili faili moja, na inaniuma sana.

Jibu lako ni hili basi: vyote viwili vinawezekana, na kwenye 3DS Luma inatangulia, Nintendo anafuata. Usigeuze.

Na Boss, kuhusu kukaa na 11.14 milele: kwenye mashine hii huna unachokilinda. Fimwea ya mwisho ninayoijua ni 11.17, iliyotoka Mei 2023. Angalia mwezi. Nintendo walikuwa wameshafunga mauzo ya eShop Machi 27, 2023, watu wakadhani wamemaliza, kisha wakatoa apdeti. Maelezo yao rasmi yalikuwa yale ya siku zote, kuboresha uthabiti wa mfumo. Kilichofungwa kweli ni njia ya kuingilia, kwa hiyo walioumia ni wale ambao mashine zao hazijawahi kuguswa. Baadaye mwaka uleule ikatoka MSET9, njia nyingine ya kuingia inayotumia memori kadi, nao wakapata pa kupitia. Mwenye boot9strap tayari, kama wewe, alihitaji Luma mpya na basi.

kijana_wa_Pasiansi

Dada, asante sana, sijawahi kuelezwa hivi. Sasa naomba hatua kwa hatua, nina laptopu ya kuazima kwa wikiendi hii tu. Na nitajuaje kama huyo mtu wa Muscat aliweka boot9strap au kitu cha zamani zaidi? Nimesoma mahali kuna A9LH.

dada_solda

Swali zuri. A9LH ni njia ya zamani, ya kabla ya boot9strap, na Luma za sasa haziikubali tena. Chomoa memori kadi uangalie: ukikuta faili linaitwa arm9loaderhax.bin na hakuna boot.firm, simama, rudi hapa kwanza. Lakini umesema Luma yako ni v10.2.1, na hiyo haiwezi kuwaka kwa njia ya A9LH. Uko salama upande huo.

Kwa kuwa laptopu ni ya muda, fanya yote kwa kikao kimoja. Chaji mashine kwanza mpaka taa ya chungwa izimike.

Zima kabisa, chomoa kadi. New 3DS XL inatumia microSD na iko chini ya mfuniko wa nyuma, skrubu mbili. Usizilazimishe, hizo skrubu vichwa vyake vinakatika haraka kwa bisibisi isiyotosha. Nakili kila kitu kilichomo kwenye kadi kiwe kwenye laptopu, na hasa folda ziitwazo Nintendo 3DS na 3ds (humo ndimo Checkpoint inapoweka sevu zako). Hapo ndipo ilipo data yako.

Niseme kidogo kuhusu kadi yenyewe, kwa sababu mashine nyingi zinazoletwa kwangu kama zimekufa kwa apdeti zilikufa kwa kadi. Kadi feki zimejaa. Inaandika GB 64, ndani ni GB 8, na ukivuka hapo inajifuta yenyewe bila kukuambia. Kwenye Windows kuna programu ndogo inaitwa H2testw, inaandika kadi nzima kisha inaisoma tena. Inachukua muda mrefu, iache ifanye usiku. Kadi ikifeli, usiendelee nayo hata hatua moja. Na kadi yoyote ya GB 64 au zaidi inakuja na muundo wa exFAT ambao 3DS haiusomi. Iformatie iwe FAT32.

Kisha rudisha kadi utengeneze nakala ya hifadhi ya ndani, kabla hujabadilisha chochote. Washa huku umeshikilia START. Kama mwenye nayo alifuata utaratibu mzuri itafunguka GodMode9, programu ya mafundi ya kusimamia mafaili ya mashine. Isipofunguka, pakua GodMode9, weka faili lake la .firm kwenye folda luma/payloads, jaribu tena. Ndani yake bonyeza HOME, ingia Scripts, kisha GM9Megascript, utaona sehemu ya kutengeneza nakala ya SysNAND, yaani hiyo hifadhi ya ndani. Acha nafasi ya zaidi ya GB 1.3 kwenye kadi. Ikimaliza, ihamishie nakala hiyo kwenye laptopu, kisha kwenye flashi yako mwenyewe, maana laptopu utairudisha. Pamoja nayo chukua faili linaloitwa essential.exefs. Ni dogo sana, linaingia hata kwenye barua pepe, na limebeba vitu ambavyo mashine yako tu ndiyo inavyo. Usimtumie mtu yeyote, hata mimi nikiliomba.

Sasa Luma. Pakua zip ya toleo la karibuni kutoka ukurasa wa LumaTeam wenyewe kwenye GitHub. Ndani chukua boot.firm na boot.3dsx, vibandike juu kabisa kwenye kadi, nje ya folda zote, ukubali kufuta vya zamani. Rudisha kadi, washa ukishikilia SELECT, hakikisha namba imebadilika. Namba isipobadilika umebandika mahali pasipo, usisonge mbele.

Kuna kitu kimoja watu hukisahau. boot9strap inatafuta boot.firm kwenye kadi kwanza. Isipoipata inatafuta nakala iliyoko kwenye hifadhi ya ndani. Huyo mtu wa Muscat huenda aliweka nakala ndani, nayo itakuwa bado ni v10.2.1. Leo hutaona tofauti. Siku utakapoiwasha bila kadi baada ya kuapdeti, Luma ya zamani itakutana na fimwea mpya, na utapata hofu bure. Tumia GodMode9 kunakili boot.firm mpya kutoka kwenye kadi kwenda SYSNAND CTRNAND, sehemu ya mafaili ya hifadhi ya ndani. Itakuomba uthibitishe kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio inaokuonyesha. Soma, bonyeza taratibu.

Baada ya hapo ndipo umkaribishe Nintendo. System Settings, Other Settings, nenda ukurasa wa mwisho, System Update. Kama unatumia hotspoti ya simu, iweke kwenye GHz 2.4, kwa sababu 3DS haioni ile ya GHz 5. Watu wengi hudhani wifi ya mashine imeharibika kumbe simu iko kwenye bendi isiyosomeka. Na kama bando linakaribia kuisha, ongeza kwanza.

Kuhusu Pretendo: wanatoa programu inaitwa Nimbus, ndiyo inayokuhamisha kati ya seva za Nintendo na zao. Kwenye kimenyu cha SELECT hakikisha umewasha "Enable loading external FIRMs and modules" na "Enable game patching". Nintendo walizima uchezaji wa mtandaoni wa 3DS Aprili 2024, kwa hiyo kinachofanyika huko sasa kinafanywa na watu wa kujitolea waliojenga seva upya. Gemu zote hazijakamilika, tazama orodha yao kama uliyonayo imo.

pwani_pixel

Dada solda, salamu kutoka Mombasa. Nimefuata mjadala huu kwa makini maana nina Nintendo Switch, ile ya mwanzo kabisa, yenye Atmosphère, ambayo kwa Switch ni kama Luma kwa 3DS. Nimesikia mwanya wake pia uko kwenye romu. Basi kwa hesabu yako na mimi niapdeti tu bila wasiwasi, Atmosphère kwanza kisha Nintendo?

dada_solda

Pwani, ngoja. Umepatia kuhusu mwanya, ila kuna vitu viwili vinavyobadilisha mambo.

Ni kweli, mwanya wa Switch za mwanzo uko kwenye romu ya chipu ya Tegra X1, ulitangazwa Aprili 2018, na Nintendo hawawezi kuuziba kwenye mashine zilizokwisha kuuzwa. Walichofanya ni kurekebisha chipu kiwandani. Mashine zilizotoka baadaye, pamoja na Lite na OLED, haziingiliki kwa njia ile. Wewe unaiwasha kwa kuunganisha pini za reli ya kulia inapokaa Joy-Con (kidhibiti chake) na kutuma faili kwa waya wa USB. Mlango huo ni wako milele.

Lakini Atmosphère ni kitu kizito kuliko Luma. Luma inarekebisha vipande vichache vya fimwea ambayo imeshaacha kubadilika. Atmosphère imeandika upya sehemu nzima za mfumo, pamoja na ile sehemu ya ulinzi inayosimamia vingine vyote, na lazima zilingane na fimwea ya Nintendo ya siku hiyo. Na Switch bado inapata fimwea mpya. Kwa hiyo ikitoka leo, wewe unasubiri Atmosphère itangaze kwamba inaiunga mkono, ndipo unaapdeti. Kwenye 3DS subira hiyo imekwisha kwa sababu Nintendo wametulia.

Kitu cha pili ni fyuzi. Ndani ya Tegra kuna fyuzi ndogo ambazo fimwea ya Nintendo inaziunguza kadiri matoleo yanavyopanda, kisha kila ikiwaka inazihesabu. Ukirudisha fimwea ya zamani, hesabu haikubaliani, na kwa njia ya kawaida mashine inakataa kuwaka. Fyuzi iliyoungua haiponi. 3DS haina kitu hicho.

Ushauri wangu kwako: tengeneza emuMMC, yaani nakala ya mfumo mzima kwenye kadi, mambo ya mafundi yafanyie humo. Mfumo wa ndani uache safi. Na ukienda mtandaoni ukiwa ndani ya Atmosphère, ujue Nintendo wanafungia mashine, na kufungiwa huko hakuondoki kwa kuformati.

Boss_wa_Kibanda

Marahaba dada, na nimekuelewa kuhusu 3DS, sibishi. Ila kuna jambo bado linanisumbua. Unamwambia kijana asimwogope Nintendo, halafu unamwambia abandike faili lililoandikwa na watu asiowajua, wasio na ofisi wala namba ya simu. Sony wakiniharibia mashine najua nani wa kumlaumu. Hawa wa Luma wakikosea, kijana atamlilia nani? Na kwa nini niwaamini kuliko kampuni?

dada_solda

Boss, hili swali ni la haki na linastahili jibu la kweli.

Kampuni inakupa faili lililofungwa. Huwezi kulifungua ukaona ndani, unaambiwa "uthabiti" na unakubali au unakataa. Luma kodi yake iko wazi GitHub, kila mstari, na kila badiliko lina tarehe na jina la aliyelifanya, hata kama ni jina la kubuni. Mimi si mwandishi mkubwa wa programu, lakini nimeisoma ile sehemu inayozuia uandishi kwenye FIRM, na ninaelewa inachofanya. Wenzangu wanaojua kuliko mimi wameisoma yote. Tukio la kosa likitokea linaandikwa hadharani na marekebisho yanaonekana. Imani yangu imekaa hapo, kwenye kitu ninachoweza kukikagua.

Wala usidhani kampuni haikosei kwa mambo makubwa. Wewe uko kwenye PS3, unajua kwa nini kila mtu huitaja fimwea ya 3.55. Desemba 2010 kundi la fail0verflow lilionyesha kule Berlin kwamba Sony, katika kutia sahihi programu zao, walikuwa wanatumia namba ileile mahali ambapo hesabu inataka namba mpya ya kubahatisha kila mara. Kwa kulinganisha sahihi mbili, ufunguo wa siri unapatikana kwa hesabu. Kampuni kubwa, wahandisi wengi, na kosa lile lilikaa miaka kwa sababu hakuna mtu wa nje aliyekuwa na ruhusa ya kutazama.

Ila upande wa mafundi nao una hatari yake, na ninaiona mezani kwangu. Watu hawachukui Luma kwa walioiandika. Wanachukua zip iliyojazwa kila kitu kutoka kwa muuza kadi, au kutoka kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp, ina boot.firm ya mwaka usiojulikana, ina gemu za wizi, ina vitu ambavyo hakuna anayejua vimetoka wapi. Hiyo siigusi, na mteja akiniletea naifuta mbele yake na kumwekea safi. Mafundi hawa wanafanya kazi bila malipo ili mashine iliyoachwa na kiwanda iendelee kuishi, kaseti ya Ulaya icheze kwenye mashine ya Japani, sevu ya mtoto isipotee kaseti ikichoka. Kuichanganya kazi yao na wizi wa gemu ni kuwakosea heshima, na ndiyo inayowapa makampuni sababu ya kuwaburuta mahakamani.

Kijana, ukikwama kwenye hatua yoyote piga picha ya kioo uiweke hapa, nambari ya kosa ionekane. Boss, kwa PS3 zako: siyo zote lazima zibaki na HEN. Baadhi za zamani zinakubali fimwea kamili ya mafundi, ambayo haihitaji kuamshwa kila ukiwasha. Geuza mashine, soma namba inayoanza na CECH. CECH-4000 na kuendelea, zile nyembamba za mfuniko wa kusukuma, hazikubali, wala CECH-3000. Za chini ya CECH-2500 zinakubali, na CECH-2500 zenyewe lazima ziangaliwe moja moja kwa sababu inategemea fimwea iliyotoka nayo kiwandani. Niandikie namba za zote, nitakuambia ipi ina uwezekano.